Mtega nzi kwenye roshani ya Kisauni: upe mvua, na upe baridi yake

Msomaji mmoja wa Kisauni ameniandikia barua ndefu. Nimeifupisha hivi:

«Shikamoo mwalimu. Mwezi wa saba nilimnunulia mwanangu wa miaka tisa mmea wa mtega nzi wa Venus, ule unaonasa wadudu kwa majani yake, kwa muuza miche wa barabarani. Nikauhamishia kwenye chungu cha udongo, nikatia udongo mweusi na samadi kidogo, nikauweka roshanini, gorofa ya pili, ambako jua linapiga tangu asubuhi. Namwagilia kila siku kwa maji ya kisima, mara nyingine ya mfereji. Mwanangu huulisha vipande vya nyama. Sasa ni Septemba, mitego inageuka myeusi mmoja baada ya mwingine na majani mapya hayatoki. Je, mmea huu unaweza kuishi nje hapa Mombasa, au joto letu linauua?»

Marahaba, mwanangu. Joto silo. Naanzia hapo kwa sababu karibu kila mtu anayeniletea mtega nzi mgonjwa hulilaumu jua la Mombasa, akauingiza sebuleni, na huko sebuleni ndiko unakomalizikia. Mmea wako unauawa na maji ya kisima na samadi. Jua umeupa vizuri.

Kabla hujasoma zaidi, nenda ukautoe chunguni. Usivute majani. Kipindue chungu, ukigonge kitako, udongo wote ukushukie mkononi, kisha uusuuze taratibu. Utaona mizizi michache myeusi; hiyo isikutishe, mizizi ya mtega nzi ni myeusi hata ikiwa na afya. Juu yake, pale majani yanapoanzia, pana shina fupi jeupe lililovimba, mfano wa kitunguu kichanga. Libonyeze kwa kidole. Likiwa gumu na jeupe, mmea u hai hata kama hauna jani hata moja la kijani. Likiwa la kahawia, laini na linanuka, umekufa na hakuna dawa. Ukiwa hai, kata kwa mkasi kila jani lililokauka, lifunge shina hilo kwa kitambaa safi kilicholowa maji ya mvua, uliweke kivulini, kisha urudi tuendelee.

Kwa asili yake mmea huu huota porini mahali pamoja tu duniani: pwani ya Carolina Kaskazini na Carolina Kusini, kule Marekani, katika eneo lisilozidi sana kilomita 100 kuuzunguka mji wa Wilmington. Ni nyika ya misonobari iliyotawanyika, mchanga uliochanganyika na mboji chachu, unaolowa karibu mwaka mzima. Mwezi wa saba huko joto hupita nyuzi 30 na hewa ni nzito kwa unyevu. Mtu wa Mombasa akishuka hapo Julai hatashangaa. Ndiyo maana nasema joto la mchana silo adui.

Ajabu ya pale ni udongo. Umeoshwa na mvua miaka na miaka mpaka naitrojeni na fosforasi karibu hazimo. Mmea wa kawaida hapo unadumaa. Huu umejifunza kupata vitu hivyo kwa wadudu, na mizizi yake ikabaki hasa na kazi ya kunywa maji, maji yaliyo karibu safi kabisa. Mizizi ya namna hiyo ukiitia samadi unaiunguza. Na ukiinywesha maji yenye chumvi na chokaa kila siku, vinajikusanya chunguni, kwa kuwa maji yanapaa na vyenyewe vinabaki.

Sasa fikiria sisi tumekaa wapi. Ukanda wetu huu, kisiwani na hata upande wenu wa bara, uko juu ya mwamba wa matumbawe, na matumbawe ni chokaa. Kisima kinachochimbwa humo hutoa maji mazito yenye chokaa, na karibu na bahari hutoa maji ya chumvi. Maji ya mfereji yana afadhali: mengine yanatoka chemchemi za Mzima kwa lile bomba la miaka ya 1950, mengine Baricho, mengine visima vya Tiwi. Ni maji mema ya kunywa, ila kwa mtega nzi bado yana madini mengi. Tazama ukingo wa kile chungu chako. Nadhani utaona utando mweupe kama unga wa muhogo. Huo ndio ugonjwa wenyewe, umeuona kwa macho.

Wauzaji wa mashine za kuchuja maji wana kipimo kidogo mfano wa kalamu kinachoonyesha chumvi zilizoyeyuka, sehemu ngapi kwa milioni. Mtega nzi unataka maji yasiyozidi 50. Mvua iliyokingwa vizuri iko chini sana ya hapo, na kisima cha jirani yangu kilipandisha namba ikapita elfu. Kuchemsha hakuondoi chumvi. Maji ya chupa ya kunywa mara nyingi yametiwa madini makusudi ili yapate ladha, kwa hiyo pima kwanza. Yale ya kujaza mitungi ya lita 20 madukani, kama kweli yamepitishwa kwenye mashine ya kuondoa chumvi, yanafaa, lakini pima kila unaponunua, maana chujio likichakaa namba inapanda na muuzaji hakwambii. Maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi ni unyevu wa hewa uliopoa, karibu hayana chumvi. Mimi huyatumia kwa dharura tu, kwa sababu yamepita kwenye vumbi na madini ya mashine. Maji ya kuongezea betri ya gari pia yanafaa, lakini soma chupa mara mbili, kwa sababu asidi ya betri huwekwa rafu hiyo hiyo.

Lililo bora ni mvua, na Mombasa hatujanyimwa mvua. Kinga kutoka paa la mabati. Paa la zege huyatia maji chokaa. Acha mvua ya dakika kumi za mwanzo ipite na vumbi na kinyesi cha ndege, ndipo uweke pipa. Kila milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja, kwa hiyo hata kipande kidogo cha paa hujaza pipa la lita 200 kwa siku chache za masika. Lifunike kwa kitambaa cha neti na kifuniko juu yake.

Chungu cha udongo usikitumie tena. Kimeshanyonya chumvi na kitaendelea kuitoa. Chukua cha plastiki chenye matundu chini, kina cha sentimita 15 hivi, na kiwe cheupe au cha rangi hafifu. Cheusi kwenye roshani ya jua huchemsha mizizi, na hapo ndipo joto letu linaweza kweli kudhuru: huko kwao mizizi imezama ardhini yenye maji, na kwako iko ndani ya kopo linalopigwa na jua pande zote. Dawa yake ni kukiingiza chungu ndani ya kingine kikubwa, hewa ikabaki katikati.

Cha kupandia ni piti mosi (mabaki ya mimea ya kinamasi yaliyooza nusu) sehemu mbili na perlaiti (vijiwe vyeupe vyepesi) sehemu moja. Soma mfuko wa piti, kwani nyingi za dukani zimekwisha tiwa mbolea, na hizo hazifai. Ukikosa perlaiti, jiwe jepesi la pumisi linalotoka Bonde la Ufa linafaa likioshwa sana. Mchanga wa ufukweni kaa nao mbali. Ule weupe wetu mzuri ni matumbawe na kombe zilizosagika. Ukitaka kujua mchanga wowote, chukua kijiko kimoja, ukamulie ndimu: ukitoa vipovu, ni chokaa, utupe.

Kuhusu makumbi ya nazi nitasimama kidogo, kwa sababu hapa Pwani ndicho kitu cha kwanza mtu atakachokushauri, na mimi yalinipotezea mimea mitatu. Mwaka wangu wa pili nilipata vumbi la makumbi kwa wasokota kamba, laini, la rangi nzuri, nikapanda. Maji yangu yalikuwa ya mvua, sikuwa na shaka nayo. Baada ya siku kumi mitego yote ilikuwa myeusi. Nikatia konzi ya vumbi lile kwenye kikombe cha maji ya mvua, nikaliacha likalala, asubuhi nikachovya ncha ya ulimi. Yalikuwa chumvi kama maji ya kivuko cha Likoni. Nilisahau kitu ambacho bibi yangu alikifanya maisha yake yote: makumbi ya kamba hufukiwa kwenye tope la bahari miezi mingi mpaka yaoze na usumba utoke. Hata yale yasiyofukiwa yana chumvi yake. Ukilazimika kuyatumia, tafuta ambayo hayajaona bahari, uyaloweke na kuyakamua mara nyingi kwa siku kadhaa, mwisho kwa maji ya mvua, mpaka yale maji ya mwisho yasome chini ya 50 kwenye kipimo.

Panda shina likiwa chini ya udongo kidogo, moyo wa mmea ukichungulia juu. Weka chungu kwenye trei yenye maji ya mvua kina cha sentimita mbili, yapande yenyewe kutoka chini.

Trei hiyo ndiyo jambo ambalo vitabu vya nchi za baridi havikuambii. Maji yaliyotuama kwenye roshani ya Mombasa ni kitanda cha mbu wa dengi, na dengi tumeiona hapa mjini zaidi ya mara moja. Yule mbu mweusi mwenye mabaka meupe humaliza kukua kutoka yai mpaka kuruka ndani ya siku saba hadi kumi hivi. Kwa hiyo usijaze trei ukaisahau. Tia kiasi kinachonyweka kwa siku moja au mbili, na kila Ijumaa mwaga yaliyobaki, isugue trei kwa brashi, maana mayai hung'ang'ania ukingoni hata pakikauka, kisha utie mapya. Mpe kazi hiyo kijana wako, na uhakikishe anaifanya.

Jua: usiuogopeshe nalo. Upe jua la wazi kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa sita, na baada ya hapo kivuli chepesi ni sawa. Mtego uliopata jua la kutosha huwa mwekundu ndani, na majani hulala chini mafupi na manene. Ukiona majani marefu, membamba, yamesimama, unalilia mwanga. Mmea uliotoka chini ya neti ya muuza miche usiuanike mara moja. Ongeza saa moja kila baada ya siku mbili. Kipindi cha kusi, kama roshani yako inaielekea bahari, upepo huleta chumvi juu ya majani, basi unyunyizie mvua kidogo kila jioni. Na uweke wavu wa kuku juu, kwa sababu kunguru wetu hawaachi kitu wasichokijua. Wangu waliung'oa mmoja wakauacha umelala sakafuni, hawakuutaka hata kuula.

Sasa nyama. Acheni kabisa. Mafuta ya nyama huoza ndani ya mtego kabla haujaweza kuyeyusha chochote, na mtego unakufa. Ukiwa nje haumhitaji mtu kuulisha. Inzi na sisimizi wa Kisauni wanatosha, na mdudu mmoja au wawili kwa mwezi ni shibe.

Mwanao amekuuliza, mwishoni mwa barua, sehemu niliyoiacha hapo juu, kama mmea unaumia anapouchokoza kwa njiti. Mpe lenzi, mkae naye asubuhi. Ndani ya kila upande wa mtego kuna vinywele vitatu, wakati mwingine vinne, vyembamba kama kope za mtoto. Akigusa kimoja mara moja, hakuna linalotokea. Kikiguswa tena, au mwenzake, kabla hazijapita sekunde 20 hivi, umeme mdogo hupita kwenye jani na pande mbili hujifunga kwa kama sehemu moja ya kumi ya sekunde. Mmea umehesabu mpaka mbili, ili tone la mvua lisiudanganye. Kisha unaendelea kuhesabu: mdudu akihangaika ndani, kila mguso unaukaza mtego zaidi na kuuita utomvu wa kuyeyushia, na kazi hiyo huchukua kati ya siku tano na kumi na mbili. Njiti ikitolewa, hakuna kinachohangaika, mtego unafunguka kesho yake ukiwa mtupu, na nguvu iliyotumika hairudi. Kila mtego hufunga mara chache tu maishani mwake, halafu unageuka mweusi na kufa. Kwa hiyo mtego mmoja mmoja kuwa mweusi ni kawaida. Wako ni ugonjwa kwa sababu mapya hayatoki. Mwambie haumii kama yeye, ila anautumia bure, na anaruhusiwa mtego mmoja kwa mwezi, akiwa na saa mkononi.

Maua yakichomoza, kikonyo kikifika sentimita tano, kikate. Mmea dhaifu ukiuacha utoe maua huku kwetu hujimaliza.

Nimeacha kwa mwisho jambo ambalo linawashinda hata wale waliopatia maji, nao huniambia: ulinawiri mwaka mzima, halafu ukafa bila sababu. Sababu ipo. Wilmington ina kipupwe. Usiku wa Januari joto hushuka karibu na nyuzi 0 na mara nyingine barafu huanguka. Mtega nzi hulala miezi mitatu au minne, majani yanapungua, uhai wote unarudi kwenye lile shina jeupe. Mombasa, usiku wa Julai kwa kawaida bado ni karibu nyuzi 20. Mmea haupati ishara ya kulala, unafanya kazi mfululizo, na mwaka wa pili au wa tatu unachoka.

Dawa ni friji, na wakati wake hapa kwetu unajichagua wenyewe. Utie friji wiki ya kwanza ya Januari, uutoe mwisho wa Machi. Hiyo ndiyo miezi ya kaskazi: joto kali, jua la utosi, na mvua haba, ambapo pipa lako linaishia. Miezi hiyo hiyo ndiyo kipupwe cha kwao. Mmea unalala wakati mbaya kuliko wote wa roshani yako, na unaamka masika yanapoingia, maji tele na mawingu ya kuupoza. Nimejaribu kuulaza Juni kwa kufuata baridi yetu, ukaamka Septemba ukakabili jua linalozidi kila wiki, na haukupendeza hivyo hata mara moja.

Wiki mbili kabla ya Januari punguza maji, udongo uwe na unyevu tu. Kisha ung'oe, usuuze mizizi, kata majani yote meusi, uufunge kwa mosi ya sfagnamu (mmea mdogo wa kinamasi unaoshika maji kama sifongo) iliyolowa na kukamuliwa, uuweke kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko. Weka rafu ya chini, nyuzi 3 hadi 7, mbali na friza. Usiuweke karibu na maembe wala ndizi. Matunda yanayoiva hutoa gesi ya ethilini ambayo haiutakii mema, na Januari friji zote za Mombasa zimejaa maembe. Stima ikipotea usiku mmoja, usihangaike, usifungue mlango tu. Kila wiki mbili fungua kopo upate hewa mpya, na ukiona ukungu wa kijivu, kata sehemu hiyo, badilisha mosi. Utaonekana kama kitu kilichokufa. Bonyeza shina: likiwa gumu, rudisha kifuniko.

Kama friji ni ndogo na nyumba ina watu wengi, mwenye jamaa Limuru au Nyandarua anaweza kuupeleka kule Juni mpaka Agosti. Baridi ya huko haifiki ya Carolina, lakini ni pumziko. Na kama hata hilo ni zito, sitakulazimisha. Ziko aina za mimea ya mitungi, Nepenthes, za nyanda za chini, zinazotaka usiku wa joto na unyevu kama wetu na hazilali kamwe. Jamaa zao wa porini wako Madagaska na Ushelisheli, bahari hii hii. Mwanao ataona mdudu akitumbukia mtungini mchana kweupe. Maji ni yale yale ya mvua.

Ukinunua mwingine, muulize muuzaji umezalishwa kitaluni au la. Huko Carolina Kaskazini kuung'oa porini ni kosa kubwa la jinai tangu 2014, na biashara yake ya kimataifa iko chini ya CITES, mkataba wa kulinda mimea na wanyama wa porini wanaouzwa nje. Ukitaka kuagiza nje, kibali cha KEPHIS, shirika la serikali la kukagua afya ya mimea, kwanza, mmea baadaye.

Kwa sasa, kama shina lako ni gumu, lipande leo kwenye piti safi, uupe mvua na jua la asubuhi, usitie kitu kingine. Jani la kwanza hutoka limejikunja, mtego umeinama kama kichwa cha mtoto aliyelala begani, na huenda ukalisubiri wiki nne au zaidi. Vuli itakukuta tayari. Mwisho wa Machi, siku utakayolifungua kopo, usiuanike siku hiyo hiyo: wiki ya kwanza uweke barazani kwenye mwanga bila jua, wiki ya pili jua la saa moja mpaka saa mbili asubuhi, kisha uuongezee kila siku mbili kama nilivyosema, mpaka mvua za Aprili ziukute nje.